DT 125 imejamu mlimani: fungua juu mwenyewe, ila tafuta kwanza kilichoiua pistoni

Swali: Shikamoo fundi. Nina Yamaha DT 125 ya zamani, ile inayopozwa kwa upepo, niliyoinunua kwenye mnada wa mradi mmoja hapa Njombe. Hivi karibuni nilikuwa napandisha mlima na mzigo, injini ikajamu ghafla, tairi la nyuma likaburuza. Ilipopoa ikaachia, nikarudi nyumbani polepole. Sasa kiki imekuwa nyepesi, inawaka kwa kusukuma tu, na juu kuna kitu kinagonga. Mafundi wa bodaboda wananiambia niitoe hii injini nifunge ya Kichina ya mipigo minne. Mimi naipenda ilivyo. Je, naweza kubadilisha pistoni na ringi mwenyewe nyumbani? Ni lazima silinda ibolewe? Na mwezi ujao nataka kwenda nayo Ifakara, itafika?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo injini usiitoe. Kazi ya juu, yaani hedi, silinda, pistoni na ringi, unaweza kuifanya uani kwako kwa spana za kawaida. Hatua moja tu ndiyo inayokushinda, nayo ni kubori silinda, yaani kuipanua ndani, kwa sababu inataka mashine na mtu anayeijua. Kwingine kote kinachotakiwa ni usafi, subira na kupima.

Mafundi wako siwalaumu. Karibu bodaboda zote zinazopita mikononi mwao ni za mipigo minne, zenye valvu kwenye hedi, kamshafti na cheni ya taimingi. Yako ni ya mipigo miwili, haina hata kimoja kati ya hivyo. Kwako pistoni yenyewe ndiyo inayofunua na kufunika matundu ya silinda inapopanda na kushuka, na chumba cha krenki huko chini ndicho kinachovuta mchanganyiko wa petroli na hewa kutoka kwenye kabureta na kuusukuma juu. Kwa hiyo ni injini rahisi sana kuifungua. Ila haina msamaha, kwa sababu ulainishaji wake wote unategemea oili kidogo inayopita pamoja na petroli. Hakuna oili iliyotuama chini inayorushwa juu kumwokoa mtu aliyezembea.

Sasa nakuomba kitu kimoja: pistoni usiinunue leo. Injini ya mipigo miwili haijamu bila sababu, na sababu hiyo bado imo humo ndani. Ukiweka pistoni mpya juu ya sababu ileile, itakufa kama ya kwanza, tena mapema zaidi, maana pistoni mpya imebana na haivumilii joto kama ile iliyokwisha kulegea. Nimeona watu wakibadilisha pistoni mara mbili mfululizo wakilaumu spea feki, kumbe hewa ilikuwa inaingia kwenye mpira wa kabureta uliopasuka upande usioonekana.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni uchunguzi, na sehemu yake kubwa lazima ifanyike kabla hujagusa nati hata moja ya hedi. Ukishafungua, ushahidi umepotea.

Anza na jaribio la kijiko. Toa plagi, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu lake, piga kiki mara chache ili isambae, kisha ziba tundu kwa kidole gumba na upige tena. Mgandamizo ukipanda waziwazi, ringi na silinda vimechakaa au vimekwaruzika. Usipobadilika, angalia hedi na gasketi yake. Ukipata kipimo cha mgandamizo cha kuazima, kifunge, fungua aksileta yote, piga kiki mpaka sindano isimame. Kwa injini kama hiyo, ikiwa pwani, mimi napenda kuona 120 psi au karibu na hapo. Lakini wewe uko Njombe, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 20. Kipimo nacho kitashuka kwa kiasi hicho hata injini ikiwa nzima, kwa hiyo usishtuke ukiona 95 baada ya kazi nzuri.

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda, na ndilo linalorukwa na karibu kila mtu: kuijaza injini hewa na kuangalia kama inavuja. Kwa kuwa chumba cha krenki ndiyo pampu ya injini hii, tobo lolote kule chini linaingiza hewa ambayo kabureta haina habari nayo. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, oili nayo inapungua kwa sababu inakuja na petroli. Hapo ndipo pistoni inapotanuka na kung'ang'ania silinda, na mara nyingi hutokea mlimani na mzigo, kama ilivyokutokea.

Vifaa vya dukani vya jaribio hili vipo, lakini kipimo cha presha ya damu cha mkono, kile chenye mpira wa kufinya na saa, kinatosha kabisa. Muulize mhudumu wa afya unayemfahamu kama ana cha zamani kilichochanika kitambaa. Toa ekzosi, ziba tundu lake kwa kipande cha mpira wa tairi na bamba la chuma lililobanwa kwa nati zilezile za ekzosi. Toa kabureta, ziba mdomo wa mpira wake kwa kizibo cha mpira au mbao laini kilichotobolewa katikati, pitisha hapo bomba la kile kipimo, kaza kwa klampu. Usizibe kwenye chuma kabla ya mpira, kwa sababu huo mpira nao tunautilia shaka. Ule mrija mdogo wa oili unaoingia upande wa kabureta uchomoe na kuuziba, pamoja na tundu lake. Plagi iwe imefungwa. Zungusha injini mpaka pistoni ifike chini kabisa ili matundu yote yawe wazi, halafu finya taratibu mpaka saa isome 300. Hizo ni milimita za zebaki, sawa na karibu 0.4 ya bari. Usizidishe, maana oili sili, ile mipira ya kuzuia uvujaji kwenye ncha za krenki, zinaweza kutoka mahali pake.

Injini nzima hubaki palepale kwa dakika kadhaa. Ikishuka zaidi ya 50 kwa dakika moja, kuna pa kutafuta. Chukua maji ya sabuni na brashi, upake kwenye mpira wa kabureta, chini ya silinda inapokutana na injini, kuzunguka hedi, kwenye plagi. Mapovu yatakuonyesha. Usipoona kitu, toa kava ya magneto upande wa kushoto na upake nyuma ya flaiwili, kwa sababu oili sili ya upande huo hukauka na kupasuka kwa umri. Bado hakuna? Fungua kifuniko cha kujazia oili ya gia na usikilize. Hewa ikipumua hapo, oili sili ya upande wa klachi imekwisha. Ya upande huo ina dalili yake nyingine: oili ya gia inapungua bila kumwagika, na ekzosi inatoa moshi mweupe mzito kwa sababu injini inaila.

Jambo la tatu ni oili yenyewe. DT ilitoka kiwandani na pampu ya oili, mfumo ambao Yamaha waliuita Autolube na kuuleta sokoni mwaka 1964. Pikipiki nyingi za minada zimeng'olewa hiyo pampu na fundi fulani njiani, mwenye mpya hajui, anaweka petroli tupu akidhani pampu ipo. Fuata mrija kutoka kwenye tangi la oili mpaka kwenye injini. Kama pampu ipo, hakikisha kebo yake inavutwa pamoja na aksileta na alama zake zinakutana kama kitabu kinavyosema. Kama haipo, lazima uchanganye mwenyewe, na kipimo tutakisema mbele. Na oili iwe ya injini ya mipigo miwili, yenye alama ya JASO FC au FD kwenye chupa. Oili ya gari haikuundwa kuungua. Inaacha masizi, inagandisha ringi.

Baada ya hapo, fungua. Osha pikipiki kwanza, na ninamaanisha kuosha kweli, chini ya tangi na kwenye mapezi ya silinda, kwa sababu punje moja ya mchanga ikidondoka ndani umeianza safari nyingine ya fundi. Toa tangi la petroli na ulipeleke mbali na jiko la mkaa. Legeza nati za hedi injini ikiwa baridi kabisa, kwa mtindo wa msalaba, nusu mzunguko kila moja, ukizunguka mpaka zote zilegee. Ukimaliza moja kabla ya nyingine, hedi inapinda. Silinda ikigoma kutoka, igonge pembeni kwa nyundo ya mpira au ya mbao. Mapezi ni dhaifu, usiyatie bisibisi kama mtaimbo. Ikishaanza kupanda, kabla ya pistoni kutoka ndani yake, sokota kitambaa safi kisicho na nyuzi zinazochomoka ukizibe mdomo wa chumba cha krenki. Klipu za pini ya pistoni zinapenda kuruka, na zikiruka zinaingia humo.

Klipu moja itoe kwa koleo jembamba, nyingine iache. Pini ikitoka kwa kusukuma na kidole, vizuri. Isipotoka, funika pistoni kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto. Aluminiamu itatanuka na pini itaachia. Usiigonge kwa nyundo hata kidogo. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikipinda hapo, pistoni mpya itatembea kiupande, na hutajua mpaka imekwisha.

Sasa kaa chini na hiyo pistoni kwenye mwanga wa jua. Huu ndio wakati wa kusoma, usiuharakishe.

Mikwaruzo ikiwa upande wa mbele, upande wa ekzosi, na mng'ao wa chuma kilichoyeyuka na kujipaka, ni joto kupita kiasi au upungufu wa oili: mchanganyiko mkavu, tobo la hewa, pampu iliyolala. Kwa maelezo yako, natarajia hiki ndicho utakachokiona. Mikwaruzo ikiwa sehemu nne zinazofanana, kama pembe nne za meza, pistoni ilitanuka haraka kuliko silinda, ama kwa kuendeshwa kwa fujo ikiwa baridi, ama kwa sababu aliyeibori mara ya mwisho aliibana mno. Sketi (ubavu wa chini wa pistoni) ya nyuma, upande wa kabureta, ikiwa imekuwa ya kijivu isiyong'aa na yenye mistari mingi myembamba ya wima, huo ni mchanga, na chujio la hewa ndilo mshitakiwa. Sifongo lake hukauka na kugeuka unga, mtu analitupa na kuendelea. Kwa barabara zetu za vumbi jekundu, pikipiki isiyo na chujio inamaliza ringi kabla ya msimu kwisha. Nunua sifongo jipya, lioshe, lipake oili, likamue, kisha paka grisi kwenye ukingo linapokaa. Na kama kichwa cha pistoni kina tobo, au ukingo wake umeliwa kama na panya, hapo tuzungumzie moto: plagi yenye namba isiyofaa, taimingi iliyotangulia, au mchanganyiko mkavu sana. Kwa plagi za NGK, namba kubwa ndiyo plagi baridi zaidi. Fuata ya kitabu, usifunge yoyote inayoingia.

Kabla hujaiacha sehemu ya chini, shika konrodi, ipeleke juu kabisa, kisha ivute juu na kuisukuma chini bila kuizungusha. Isiwe na mchezo wowote wa juu na chini. Kuyumba kidogo kushoto na kulia ni kawaida yake. Ukisikia hata kugonga kidogo kwa juu na chini, beringi ya chini imekwisha na kazi yako imekuwa kubwa. Hiyo mpelekee mwenye mashine ya kukandamiza krenki, usijaribu nyumbani. Ule mlio wa kugonga unaousikia huenda ni wa sketi ya pistoni tu, lakini hakikisha. Beringi ya sindano ya juu, inayobeba pini, badilisha bila kufikiria. Pini yenyewe ikiwa imegeuka bluu, ilikosa oili.

Tuje kwenye swali lako la kubori. Chukua ringi moja mpya ya saizi iliyokuwamo, au hata ya zamani kama haijavunjika, iingize kwenye silinda bila pistoni, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya. Pima chini kabisa, chini ya matundu, ambako ringi haifiki na silinda haijachakaa. Kisha pima kama sentimita mbili kutoka juu. Tofauti ya mianya hiyo miwili igawanye kwa 3.14, utapata silinda imepanuka kiasi gani. Mfano: chini mwanya ni 0.35, juu ni 0.60. Tofauti ni 0.25, ukigawanya unapata karibu 0.08 ya milimita. Mimi nikiona zaidi ya 0.05 nabori. Na mkwaruzo wowote unaonasa ukucha ukiupitisha kwa kuvuka, nao unataka kubori, hata vipimo vikiwa vizuri. Kwa jinsi ilivyojamu, jiandae kubori.

Silinda ya DT ni ya aluminiamu yenye laina ya chuma ndani, kwa hiyo inabolewa bila tatizo. Kipenyo chake cha kiwandani ni milimita 56 na mwendo wa pistoni ni 50, ndiyo zinazotoa ujazo wa sisi (cc) 123. Pistoni za kuzidisha huja kwa hatua za robo milimita: 56.25, 56.50 na kuendelea mpaka 57. Angalia juu ya pistoni ya zamani, namba ya saizi yake huwa imegongwa hapo. Kama tayari iko kwenye 57, unahitaji laina mpya. Nasema haya ya laina kwa sababu wapo wasomaji wenye pikipiki za mashindano kama YZ 125, ambazo silinda zake zimepakwa ndani tabaka gumu sana la nikeli juu ya aluminiamu. Hizo hazibolewi. Weka sumaku: laina ya chuma itaishika barabara.

Pistoni nunua kwanza, ndipo uende kubori. Mwenye mashine aipime pistoni yenyewe, karibu na mwisho wa sketi, kwa upande usio na pini, kisha aikate silinda kulingana nayo. Asibori kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa silinda ya aina hii nafasi huwa karibu 0.04 hadi 0.05 ya milimita, lakini karatasi iliyomo kwenye boksi la pistoni ndiyo ya kufuatwa. Mwandikie namba hiyo kwenye silinda kwa kalamu ya wino mzito. Mafundi wa mashine waliozoea injini za magari hupenda kubana, na wanakuambia kwa fahari kwamba imekaa vizuri. Imekaa vizuri ikiwa baridi! Mwambie pia amalizie kwa hona, yaani mawe ya kusugua ndani ya silinda, mistari ivukane, ili oili ipate pa kushika.

Halafu kuna jambo ambalo usipolisema halitafanyika. Baada ya kubori, kingo za matundu huwa kali kama wembe. Ringi inapopita juu ya tundu hutokeza kidogo nje, na ikikuta ukingo mkali inakwama na kuvunjika. Kila ukingo wa kila tundu lazima ulainishwe kwa tupa ndogo au msasa, kidogo tu, uteleze kwenye kidole. Karakana ikikurudishia bila hivyo, fanya mwenyewe ukiwa na saa nzima na mwanga mzuri.

Kuosha silinda kwa petroli peke yake hakutoshi. Petroli inaondoa oili na kuacha unga wa mawe ya hona kwenye mistari. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, suuza, rudia, mpaka kitambaa cheupe kikipita ndani kitoke cheupe. Watu wanachoka kwenye hatua ya kijivu hafifu na kusema inatosha. Haitoshi. Ukimaliza kausha na upake oili papo hapo, kwa sababu laina ya chuma inashika kutu ukiangalia.

Kuunganisha ni raha. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee mbele, kwenye ekzosi. Ringi ziwe na maandishi juu, na kabla ya kuzivalisha zipime kila moja ndani ya silinda: mwanya kati ya 0.3 na 0.5 ni mzuri. Ndani ya kila mfereji kuna pini ndogo, na ncha za ringi lazima zikutane hapo hasa. Pini hiyo inaizuia ringi isizunguke na kupeleka ncha zake kwenye tundu. Klipu ziwe mpya siku zote, na mwanya wake uangalie chini au juu, usiangalie kwenye kile kikato cha kuingizia koleo. Ziingie kwenye mfereji mpaka zilie. Paka oili ya mipigo miwili kwenye beringi, pini, sketi na silinda, sio bahari ya oili, mpako tu.

Gasketi ya chini ya silinda iwe ya unene uleule wa kiwandani. Ukikata kwenye boksi la katoni au kuweka mbili, umeinua silinda, umebadilisha taimingi ya matundu na umepunguza mgandamizo, kisha unajiuliza kwa nini pikipiki mpya haina nguvu. Shusha silinda moja kwa moja ukibana ringi kwa vidole. Usiizungushe kushoto na kulia ili iingie, maana hapo ndipo ncha ya ringi inapotoka kwenye pini yake. Ikigoma, rudi juu, tazama, anza tena. Ikishakaa, zungusha kwa mkono taratibu usikilize.

Hedi isugue kwa msasa laini uliowekwa juu ya kioo kinene, kwa duara, mpaka uso wote ung'ae sawa. Masizi yatoe kwa kipande cha mbao ngumu. Nati zikazwe kwa msalaba, kwa hatua tatu. Kwa stadi za milimita 8, nguvu ya mwisho huwa karibu nyutonimita 20 hadi 25. Azima tokirenchi kama huna. Mkono unadanganya, hasa mkono wenye hasira. Kabla ya kufunga ekzosi, angalia ndani yake na kwenye saileinsa. Pikipiki iliyokunywa oili ya gia kwa muda mrefu huwa na masizi yaliyoziba nusu ya njia, na injini iliyozibwa pua nayo hupata joto.

Kama pampu ya oili ipo, toa hewa kwenye mirija mpaka oili ipite bila povu, na hata hivyo, kwa tangi la kwanza la petroli ongeza mililita 10 za oili kwa kila lita, kama bima. Kama pampu haipo, changanya mililita 25 kwa lita, ndiyo moja kwa 40, na kwenye tangi la kwanza fanya 30. Pima kwa sindano ya hospitali au chupa yenye alama. Kifuniko cha chupa ya soda hakijawahi kuwa kipimo.

Ikiwaka, iache ikinguruma polepole mpaka mapezi yawe ya moto usiweze kuyashika, zima, iache ipoe kabisa. Rudia mara mbili au tatu. Ikiwa baridi, kagua tena nati za hedi. Kisha iendeshe, lakini usiiweke kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu: panda, achia, badilisha gia, bila mzigo na bila milima mirefu kwa kilomita 300 za kwanza angalau. Baada ya safari fupi toa plagi uiangalie. Kahawia ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeupe ni onyo, simama hapo hapo utafute kwa nini.

Ifakara sasa. Itafika, ila kuna mtego. Ikiwa mwenye awali aliiweka sawa kwa hewa ya Njombe, huenda alipunguza jeti kuu ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, kwa sababu hewa nyepesi inataka petroli kidogo. Ifakara iko chini ya mita 300. Huko hewa ni nzito, jeti ileile inakuwa ndogo, mchanganyiko unakauka, na umerudi ulipoanza. Toa jeti uisome namba yake, ilinganishe na ya kitabu. Ikiwa ni ndogo kuliko ya kiwandani, nunua ya kiwandani na uifunge kabla ya kuondoka. Afadhali ufike na plagi nyeusi kidogo kuliko pistoni iliyojamu. Kama unachanganya oili kwenye petroli, mteremko wa Kitonga ulio njiani usiushuke wote ukiwa umefunga aksileta kwenye gia ndogo: injini inazunguka kwa kasi huku hakuna petroli inayoingia, na bila petroli hakuna oili. Fungua kidogo kila baada ya muda, au vuta klachi uiache ingurume. Beba plagi ya akiba, jeti uliyoitoa, na lita moja ya oili, kwa sababu njiani utakuta ya mipigo minne tu.